‘Wenyewe wanajua’ ilitaka kutuua juu ya Kibondo!

Mpenzi msomaji, kuna watu wakipanda ndege mara moja tu, mtaa mzima utakoma. Kila maongezi lazima wayapitishe mawinguni: “Siku ile niko juu huko, bwana...” Mimi watu wa aina hiyo siwabishii. Nawauliza swali moja tu: ulipanda ndege, au ulipanda kidege?

Kwa sababu ile ndege kubwa ya Dar kwenda Mwanza, yenye dada wa kukuletea juisi, ile ni basi lenye mabawa. Kidege ni kitu kingine kabisa. Kidege kina injini moja, viti sita ukihesabu na cha rubani, na kabla ya kupanda unapimwa uzito hadharani kama gunia la mkaa, wewe na begi lako. Juisi hakuna, choo hakuna. Rubani yupo karibu yako kiasi kwamba akipiga chafya unamwambia pole.

Videge hivyo vimezoeleka sana huko nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo. Reli ya Kati inapita Uvinza na kuteremka ziwani Kigoma mjini, hao Waha wa juu inawaacha huko huko milimani. Barabara nayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika, hadi lami ilipoanza kuwafikia miaka hii ya karibuni. Halafu Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi akauawa, watu kwa maelfu wakavuka mpaka, na 1996 wakaja wa kutoka Kongo. Kambi zikafunguliwa, Mtabila, Muyovozi, Nyarugusu, Nduta na nyinginezo, na viwanja vidogo vya ndege vya kule vikapata kazi: madaktari, dawa, mapadri, mabosi wa mashirika, wote wakishuka na videge.

Na mimi mtoto wa mjini nikajikuta humo. Shirika moja, ambalo jina lake nalihifadhi, lilitaka mtu wa kuandika habari za vijana wa kule. Kwenda nilikwenda kwa basi, mgongo ukalia. Siku ya kurudi nikaambiwa kuna nafasi kwenye kidege, Kibondo hadi Kasulu, kisha Kigoma mjini. Nani akatae?

Kabla sijakusimulia kilichotokea, ngoja kwanza nikueleze kitu ambacho abiria wengi tunakiona na hatukielewi. Rubani wa kidege kabla hajapanda, anakizunguka. Anaanzia sehemu moja, anazunguka taratibu hadi anarudi pale pale alipoanzia, anagusa hiki, anatikisa kile, anachungulia pale. Ukimtazama kwa mbali utadhani amedondosha shilingi. Wengine hata wanacheka: “Huyu vipi, ndege si yake?”

Anachofanya ni hiki. Anainama chini ya bawa na kikombe kidogo cha plastiki kinachopitisha mwanga, anakinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi, halafu anakiinua juani. Anatafuta maji. Usiku wa baridi unyevu huganda ndani ya tangi ukawa matone, na kule ambako mafuta hutoka kwenye mapipa, maji na uchafu huingia kirahisi. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini kabisa, na chini ndipo injini inapovuta. Anaangalia na rangi vilevile. Petroli ya ndege ndogo hutiwa rangi makusudi, ile iliyozoeleka ni ya buluu, na mafuta ya jeti hayana rangi hiyo. Ukijaza mafuta ya jeti kwenye injini ya petroli, itawaka, utaruka, halafu itakufia mkiwa juu ya miti.

Anachungulia kijibomba chembamba kilichopo kwenye bawa. Hewa inayoingia humo ndiyo inayoiambia saa ya mwendo kwamba ndege inakimbia kiasi gani. Nyigu wanakipenda sana kijibomba hicho, wanajenga nyumba ya udongo ndani yake. Usicheke. Tarehe 6 Februari 1996 Boeing 757 ya kampuni ya Birgenair ilianguka baharini kule Jamhuri ya Dominika na watu wote 189 wakafa. Ndege ilikuwa imeegeshwa siku nyingi bila kuzibwa vijibomba vyake, kimoja kikaziba, saa ya kapteni ikadanganya, na wachunguzi wakamshuku nyigu.

Anatikisa vipande vya nyuma ya mabawa na mkia kuona kama vinacheza. Anatoa pini inayofunga usukani, ambayo huwekwa ndege ikiwa imeegeshwa ili upepo usiipigepige. Anapima oili. Anapanda ngazi, anatumbukiza kijiti ndani ya tangi kupima mafuta, halafu anafunga mfuniko. Kumbuka huo mfuniko.

Basi bwana, siku hiyo ya Kibondo asubuhi ilikuwa na ukungu na kibaridi cha kule juu. Abiria tulikuwa watano. Mimi, dada mmoja muuguzi, mama mmoja mtu mzima wa pale pale aliyekuwa akienda Kigoma kwa mwanawe, kijana mmoja mwanafunzi, na bosi. Bosi alikuwa bado hajafika. Rubani, kijana mpole wa makamo yangu hivi, alikuwa juu ya ngazi anajaza mafuta kwa pampu ya mkono kutoka kwenye pipa.

Hapo ndipo Land Cruiser ya bosi ilipoingia na vumbi lake. Bosi akashuka, simu sikioni, mkono hewani: “Kapteni! Kapteni, njoo kidogo!” Nyinyi mnajua bosi akiita. Rubani akashuka ngazi, wakasalimiana, wakaulizana habari za Mwanza, za familia, za mkutano wa saa nne ambao bosi lazima auwahi. Mwanafunzi naye akaona hiyo ndiyo nafasi, akaomba picha na kapteni pembeni ya propela. Picha ikapigwa, ikarudiwa, maana ya kwanza alikuwa amefumba macho. Halafu mizigo ikapakiwa, tukafunga mikanda, bosi kiti cha mbele na rubani, mimi na muuguzi katikati, mama na mwanafunzi nyuma. Tukaruka.

Kibondo ukiiona kutoka juu ni nzuri, jamani. Vilima vya kijani, migomba, njia nyekundu zinazopinda. Mimi nilikuwa upande wa kulia, nashangaa zangu. Dakika tano hivi zikapita, nikamwona muuguzi amegeuka nyuma, mama anamvuta bega na kumwonyesha nje upande wa kushoto. Kelele za injini zilikuwa kubwa, huwezi kusikia neno. Muuguzi akatazama, uso ukabadilika. Akanyoosha mkono akampiga rubani begani, akaelekeza kidole.

Nyuma ya bawa la kushoto kulikuwa kunatoka mvuke mweupe, mwembamba, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Ilikuwa ni petroli yetu.

Rubani hakusema kitu. Alitazama mara moja tu, akageuza ndege taratibu, akaongea kwenye redio kwa sauti ya kawaida kabisa. Bosi akaanza, “Kapteni, vipi tena, mkutano...” halafu naye akaona, akanyamaza. Zile dakika za kurudi, mpenzi msomaji, ni ndefu kuliko kidato cha nne kizima. Niliwaza mama yangu, nikawaza deni la mtu, nikamwahidi Mungu mambo ambayo sitayataja hapa gazetini.

Tukatua salama. Rubani akazima injini, akapanda ngazi. Mfuniko wa tangi la kushoto ulikuwa unaning'inia kwenye kijimnyororo chake, na bawa limechorwa michirizi ya buluu kwenda nyuma.

Sasa sikia maajabu. Mimi nilimuuliza, geji haikukuonyesha kwamba mafuta yanakwisha? Akaniambia hapana, na akanieleza sababu. Ndege ikiruka, hewa inayopita juu ya bawa inavuta kwenda juu, na huo mvuto ndio unaotubeba. Lakini ukiacha tundu la tangi wazi pale juu, mvuto ule ule unanyonya mafuta nje. Na kwa ndege ambazo tangi lake ni mfuko wa mpira, mvuto unauinua mfuko wenyewe, unasukuma na boya la kupimia, hivyo geji inaweza kukuonyesha umejaa wakati unakauka. Alitumbukiza kijiti, akatuonyesha: kiasi kikubwa kilikuwa kimekwenda na upepo.

Maana yake, ndani ya kile kidege chombo pekee kilichosema kweli kilikuwa macho ya yule mama.

Na kidogo yasiseme. Tulipokaa kivulini kusubiri ukaguzi mpya, mama alitueleza mwenyewe. Ule mvuke aliuona mapema sana, mara tu tulipoinuka. “Nikasema labda ndivyo zinavyokuwa. Mimi mkulima, nimwambie nini rubani? Nikamuuliza huyu mwanangu hapa, akaniambia, mama tulia, wenyewe wanajua.” Mwanafunzi akatazama viatu vyake.

Wenyewe wanajua! Hebu niambie, ni mara ngapi umeisikia nchi hii? Tairi la basi linapiga kelele, abiria arobaini wanatazamana, wenyewe wanajua. Kivuko kimejaa hadi maji yanagusa sitaha, wenyewe wanajua. Nesi anachoma sindano ambayo hukumwona akiitoa kwenye karatasi yake, wenyewe wanajua. Tunaita heshima. Na kule Buha heshima ni kitu kikubwa kweli, salamu yenyewe ya asubuhi, mwakeye, si ya kurusha ukiwa unatembea. Unasimama, unainama, unaulizia watu wa nyumbani. Ni tabia nzuri na mimi naipenda. Ila kwa rubani aliyeko juu ya ngazi, salamu hiyo hiyo inaweza kuwa na madhara.

Yule rubani hakumlaumu bosi. Alisema maneno ambayo niliyaandika siku ile ile: “Sheria yangu ni kwamba nikikatizwa, naanza upya tangu mwanzo. Leo sikuanza upya.” Basi. Kosa alilibeba mwenyewe, na kisheria ni lake, rubani kiongozi ndiye mwenye dhamana. Lakini mimi niliyekuwa nimekaa pale najua mnyororo ulikuwa mrefu: mkutano wa saa nne, “njoo kidogo”, picha iliyorudiwa. Hakuna hata mmoja aliyetaka kutuua. Kila mtu alikuwa na jambo lake dogo.

Usidhani haya ni mambo ya videge vya porini tu. Hapo jirani zetu Nairobi, tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya shirika la Ujerumani, Lufthansa, iliyotoka Frankfurt kwenda Johannesburg, ilishindwa kupanda ilipoanza kuruka. Ikatetemeka, ikagusa chini mbele kidogo ya uwanja, ikavunjika na kuwaka moto. Watu 59 kati ya 157 walikufa. Ndiyo ilikuwa ajali ya kwanza ya Boeing 747 kuua watu. Ilikuwa nini? Mbele ya mabawa kuna vipande vinavyotokezwa wakati wa kuruka ili bawa libebe vizuri, na vinasukumwa na hewa ya injini. Valvu za hewa hiyo hazikuwa zimefunguliwa. Kwenye orodha ya ukaguzi ilikuwemo, ikapitwa. Na Nairobi, kama ilivyo Kasulu na Kibondo, iko juu, hewa ni nyepesi, bawa linahitaji kila msaada linaoweza kupata.

Jumbo zima, wataalamu chumba kizima, jambo moja likapita. Sasa rubani mmoja, ngazi moja, pipa moja na bosi mmoja, usishangae.

Na hiyo “wenyewe wanajua” nayo si ugonjwa wa Kibondo peke yake. Tarehe 10 Machi 1989 mji wa Dryden nchini Kanada, ndege ya Air Ontario aina ya Fokker iliruka mabawa yakiwa na theluji. Theluji inaharibu umbo la bawa, ndege haipandi. Ikaangukia msituni, 24 kati ya watu 69 wakafa. Sasa shika kichwa: miongoni mwa abiria walikuwemo marubani wawili waliokuwa mapumzikoni. Waliiona ile theluji kwa macho yao na wakajua maana yake. Hawakusema. Sababu zilizotolewa baadaye mbele ya tume ya uchunguzi ni zile zile za yule mwanafunzi: heshima kwa wenzao, na imani kwamba wahusika wanajua.

Kama rubani anamwogopa rubani mwenzake, mama mkulima wa Kibondo utamlaumu nini?

Hata ile orodha wanayoiita cheklisti ilizaliwa kwenye kilio. Tarehe 30 Oktoba 1935 kule Ohio, Marekani, jeshi lilikuwa linajaribu ndege mpya ya Boeing yenye injini nne. Rubani alikuwa Meja Ployer Hill, mtu mwenye uzoefu mkubwa. Ndege ikainuka, ikasimama wima hewani, ikaanguka. Kilichotokea ni kwamba kile kifungio cha usukani na mkia, cha kuzuia upepo ndege ikiwa imeegeshwa, hakikuondolewa. Hill alikufa, na mwenzake wa Boeing akafa kwa majeraha. Marubani waliobaki hawakusema Hill alikuwa mjinga. Walisema kichwa cha binadamu hakitoshi, wakaandika orodha ya kusoma kila safari, hata kama umeruka mara elfu.

Lakini karatasi peke yake haisaidii kama mtu ameizoea. Tarehe 31 Mei 2014, karibu miaka 80 baadaye, jeti ya kitajiri ilishindwa kuruka kule Bedford, Massachusetts, wote saba wakafa, kwa kifungio cha namna ile ile. Wachunguzi wakatazama kumbukumbu za safari 175 zilizotangulia za marubani wale. Asilimia 98 ya safari hizo hawakufanya jaribio kamili la usukani kabla ya kuruka. Yaani walikuwa wamepona kila mara, hadi wakaamini kwamba kupona ndiyo ukaguzi.

Wengi wetu huku mjini tunaishi hivyo hivyo, tuseme ukweli. Breki za bodaboda hazijashika vizuri, lakini jana tulifika. Ngazi ya ghorofa imelegea, lakini mwaka mzima haijamwangusha mtu.

Sasa wewe msomaji, siku ukipata bahati ya kidege, iwe Kasulu, Mafia au Serengeti, nakuomba mambo machache. Ukimwona rubani anazunguka ndege yake, mwache. Salamu itamsubiri, picha itamsubiri, hata bosi atasubiri. Mpe shikamoo yako akishamaliza, ataipokea vizuri tu. Akikatizwa na mtu halafu ukamwona anarudi kuanza mwanzo, usimung'unike kwamba anakuchelewesha. Huyo ndiye rubani wa kumpa mkono. Akisema leo haturuki, mshukuru, kalale.

Na ukiona kitu, sema. Mvuke, mlango unaocheza, kitambaa chekundu kinachopepea mahali, majimaji chini ya injini. Huhitaji Kiingereza wala cheti. Mguse bega, nyoosha kidole, kama yule muuguzi. Likiwa si tatizo, atakwambia, na wewe utaaibika dakika mbili. Mimi nimeiona aibu na nimeiona petroli ikimwagika angani, nachagua aibu. Maana hao “wenyewe” tunaowasingizia kila siku ni akina nani, ikiwa sisi ndio tuliomo ndani?

La mwisho, wakikuuliza kilo zako, dada na kaka zangu, semeni za kweli. Ile mizani si ya kukudhalilisha. Rubani anapiga hesabu ya uzito, urefu wa uwanja na ile hewa nyepesi ya milimani, na ukimficha kilo kumi za karanga kwenye begi unaiharibu hesabu ya watu sita. Mtaani jipunguze unavyotaka. Kwenye mizani ya kidege, hapana.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.